Shujaa Asiyenunulika: Kutunga Misheni za Fadhila kwa Fadhila

Hotuba hii niliitoa Tabora, mbele ya wachezaji na wasimulizi wa michezo ya kuigiza ya kifantasia, ile ya mezani ambamo msimulizi anatunga hadithi, wachezaji wanakuwa mashujaa wake, na dadu zinaamua. Naiweka yote kwa ajili ya wenzetu wa Urambo, Nzega na Kasulu waliokosa kufika. Picha zilizorushwa ukutani nimeziacha, hazikuongeza kitu.

Mwangaluka! Asanteni. Watani zangu Wazaramo mliokuja na treni nimewasikia mkiitikia kwa kubahatisha. Nimewasamehe, mmechoka na safari. Wageni wetu wa Kigoma, karibuni Unyanyembe, mjisikie nyumbani.

Nimeombwa niseme juu ya mashujaa wa levo ya juu, levo ikiwa ni daraja la uwezo wa mhusika, kuanzia 1 hadi 20, na naanza na swali. Mtu aliye na kila kitu, utampa nini ili anyanyuke kitini?

Levo ya kwanza hatuna shida. Mzee wa kijiji anakuja na sarafu 50 za dhahabu, anasema kuna viumbe wabaya kwenye pango la nyuma ya mlima, na kabla hajamaliza sentensi wachezaji wameshashika dadu. Wana haki. Deraya kamili ya chuma, ile ya kumfunika mtu kuanzia kichwani hadi miguuni, inauzwa sarafu 1,500, na mpiganaji wetu ana 10 mfukoni. Sarafu 50 kwake ni neema.

Sasa mkutane na watu hao hao wakiwa levo ya 13. Mchawi wao anajihamisha yeye na wenzake hadi wanane, kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine, kwa kufumba na kufumbua. Kuhani wao anaweza kumfufua mtu aliyekufa miaka mia moja iliyopita. Wakifika levo ya 17, mchawi huyo anatamka matakwa yake na matakwa yanakuwa. Dhahabu waliyo nayo inazidi hazina ya mfalme anayetaka kuwaajiri. Halafu wewe msimulizi unamleta nani? Unamleta mfalme yuleyule, na mfuko uleule, na hotuba ileile ya "mashujaa wangu, nitawalipa vizuri." Jamani! Wamlipe wao.

Mchezo tunaoufuata wengi wetu, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na kanuni zake za siku hizi zinagawa maisha ya mhusika katika vipindi vinne: levo 1 hadi 4, 5 hadi 10, 11 hadi 16, na 17 hadi 20. Kipindi cha mwisho ni cha watu ambao uamuzi wao unaamua mambo ya dunia nzima. Vizuri. Lakini mtu wa namna hiyo anaamshwa na nini asubuhi? Wasimulizi wengi wana jibu moja tu: hatari kubwa zaidi. Joka kubwa zaidi. Dunia inakwisha Ijumaa. Ikiokolewa Ijumaa hii, itakwisha Ijumaa ijayo. Baada ya miezi michache wachezaji wanaokoa dunia kama watoto wanaofagia uwanja wa shule, kwa zamu, huku wakiongea mambo mengine.

Mimi nasema tuache kuwanunua, na tuache kuwatisha. Tuwadai. Na wao watudai sisi. Nipe nikupe, fadhila kwa fadhila: hiyo ndiyo injini inayobaki ikifanya kazi wakati dhahabu imekufa na hofu imekufa.

Wengine mtasema, lakini wana kila kitu, watahitaji fadhila ya nani? Kweli wana kila kitu? Chukueni huyo kuhani anayefufua. Kanuni zinasema kumfufua aliyekufa chini ya siku kumi kunataka almasi ya sarafu 500, na almasi inateketea. Kumfufua wa ndani ya miaka mia kunataka ya sarafu 1,000. Kwa ule ufufuo mkuu wa levo ya 17 zinatakiwa almasi za sarafu 25,000. Swali langu: almasi hizo zinatoka wapi? Msimulizi mvivu husema "mnazipata sokoni, futeni dhahabu kwenye karatasi." Ndugu zangu, sisi majirani wa mgodi wa Mwadui ndio tuseme almasi inatoka sokoni? Almasi inatoka ardhini, na ardhi ina mwenyewe. Kuna mgodi, kuna ukoo unaoulinda, kuna mfalme anayezuia njia, kuna dalali anayejua jiwe gani ni la kweli. Jiwe kubwa kiasi hicho huenda lipo moja tu katika nchi nzima, na lipo kwenye taji la mtu asiyeuza. Hapo dhahabu yao imekuwa karatasi. Hapo shujaa wa levo ya 17 anakaa kwenye kigoda, anavua kofia, na anasema, "Mama, tunaomba."

Mmemsikia? "Tunaomba." Neno hilo likitoka kinywani mwa mtu aliyeua majoka mawili, mchezo umeanza upya.

Kwa hiyo kabla hujatunga misheni yoyote ya fadhila, tafuta kitu ambacho kundi lako linakihitaji na hakina bei. Jiwe la aina moja ni mfano mwepesi. Kuna ruhusa ya kupita. Kuna siri anayoijua mtu mmoja, na mtu huyo hataki kufa nayo wala kuitoa. Kuna amani kati ya koo mbili. Kuna kusamehewa. Vyote hivyo havimo kwenye orodha ya vifaa nyuma ya kitabu.

Sasa nije kwenye swali ambalo wachezaji wetu wanalipenda kuliko maswali yote, na wasimulizi wetu wanalikimbia kuliko maswali yote. Unamleta mzimu wa ziwa, mkubwa, wa kutisha, anayeweza kupindua meli kwa kidole. Anaomba msaada. Mchezaji mmoja anainua mkono: "Samahani. Kwa nini asifanye mwenyewe?"

Kwa nini asifanye mwenyewe! Na ana haki kuuliza. Mtu mwenye nguvu za kuwapa mashujaa wa levo ya 15 kitu wanachokitaka ana nguvu za kujifanyia mambo yake. Ukishindwa kulijibu swali hilo, kila mtu mezani anajua kwamba mzimu ni wewe umevaa shuka.

Msimulizi mmoja wa Kigoma alinisimulia misheni yake, na nimemwomba ruhusa nitumie. Mnaijua Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, nani hapa hajaipanda? Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, karibu na mlango wa Malagarasi, isiangukie mikononi mwa adui. Lakini mafundi walipaka mitambo yake grisi kwanza, kwa nia ya kuirudia siku moja. Hawakuirudia. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Msimulizi huyo akajiuliza: miaka ile yote chini ya maji, nani alikuwa anaitunza? Akatunga mzimu wa ziwa katika dunia yake ya mchezo, anayetunza meli iliyozamishwa na watu wa kale. Mashujaa wanaihitaji meli hiyo, maana ndiyo pekee iliyowahi kuvuka maji yale bila kuliwa. Mzimu yuko tayari kuiachia. Na yeye anataka nini? Anataka neno lake lifikishwe kwa dada yake, mzimu wa mlima, siku tatu kutoka ufukweni.

Kwa nini asifanye mwenyewe? Kwa sababu akikanyaga nchi kavu anakauka. Jibu ni fupi, linaeleweka, na tangu siku ya kwanza lilikuwa linaonekana: wachezaji walishamwona hajawahi kupita mstari wa mchanga mkavu. Hakuna aliyeinua mkono.

Angalieni alivyofanya. Nguvu ya mtoaji wa fadhila na udhaifu wake vimetoka mahali pamoja. Ni mkubwa majini kwa sababu ni wa majini, na hawezi nchi kavu kwa sababu hiyo hiyo. Mtemi ana nguvu kwa sababu ya kiti chake, na kiti chake kina miiko. Jasusi mkuu anajua yote kwa kuwa hakuna anayemjua, na siku atakayosimama hadharani kazi yake imekwisha. Ukikipata kitu hicho kimoja kinachompa na kumnyima, misheni imejitunga nusu.

Nusu ya pili ni kuijaribu. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Chukua misheni yako, iweke mikononi mwa mchawi wa levo ya 17, na utazame. "Pelekeni mzigo wa chumvi kutoka Uvinza hadi mji mkuu." Uchawi wa kuhama unabeba watu au kitu kimoja, msafara mzima hauingii, kwa hiyo utadhani umeokoka. Hujaokoka. Mchawi atatia mzigo wote kwenye mifuko ya ajabu inayomeza kuliko ukubwa wake, atahama, atarudi kabla ugali haujapoa. "Mtafuteni mwana wa mfalme aliyepotea." Watamwona kwa uchawi wa kuona mbali, mchana huo huo. "Mhojini msaliti." Wana duara ambalo ndani yake mtu hawezi kusema uongo kwa makusudi. Misheni tatu zimekufa, na hatujatupa dadu hata moja.

Wapo wasimulizi ambao wakifika hapo wanajenga ukuta. Kila ngome ina kinga ya kuhama. Kila mwizi ana kago la kutoonekana kwa mbali. Kila maiti imekatwa ulimi, isihojiwe kwa uchawi. Mimi sipendi kabisa tabia hiyo, na nawaambia mbele ya mashahidi. Mchezaji ameutafuta uchawi ule kwa mwaka mzima, amefiwa na wenzake njiani, na siku anaupata wewe unamwambia haufanyi kazi hapa? Basi kwa nini ulimpa? Mwacheni ahame. Mwacheni aone mbali. Muombeni kitu ambacho kuhama na kuona havikimalizi.

Mfano. Mtu ana dada yake waliyegombana miaka 20, na anataka dada huyo amsamehe mbele ya ukoo. Haya, mchawi, hama. Umefika mlangoni kwa dada. Sasa? Tumia uchawi wa kumteka akili, aseme "nimesamehe." Atasema. Ukoo mzima utajua amelogwa, na msamaha huo ni takataka. Hata yale matakwa makuu ya levo ya 17, ukiyatumia kumlazimisha mtu asamehe, umepata sauti ya msamaha tu. Itabidi ukae. Unywe chai. Usikilize kisa cha shamba lililouzwa bila kushirikishwa. Ujue kwamba mteja wako ndiye mwenye makosa. Kisha uamue utarudi kumwambia nini.

Hapo sasa nafika kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, na mnivumilie nikikaa hapa.

Mashujaa wakubwa tunawaomba mambo makubwa. Tunadhani tunawaheshimu. Mimi nimekuja kuwaambia kinyume chake: mtu mkubwa muombe jambo dogo. Dogo kwa mikono, zito kwa jina.

Kuna meza moja ya wachezaji wa Ujiji iliyofiwa na kuhani wake. Fikirieni: anayefufua ndiye aliyekufa. Siku kumi zinahesabika. Wakambeba hadi kwa bibi mmoja aliyekuwa akilinda kivuko cha mto, mwanamke aliyefukuzwa na wafalme wote wa nchi ile, na hakuna aliyekumbuka vizuri kwa kosa gani. Bibi akamwinua kuhani wao. Wakamletea almasi, hakuichukua. Wakamletea dhahabu, akacheka. Akasema, "Nendeni. Siku moja nitaomba."

Wachezaji walilala usingizi? Hawakulala! Kila alipotokea mjumbe mezani walikuwa wanashtuka: ndiye huyu? Atataka roho ya nani? Atataka tumuue nani? Msimulizi akakaa kimya, akawaacha wajitishe wenyewe. Kazi hiyo wachezaji wanaifanya vizuri kuliko sisi, msiwanyang'anye.

Siku ikafika. Bibi akatuma mtoto mdogo na ujumbe: "Mjukuu wangu anaolewa kwenye nyumba ya mfalme. Njooni harusini. Mkae kwenye mkeka wangu. Msiseme neno lolote."

Basi. Hakuna joka, hakuna mapigano. Ila wote mezani walielewa maana yake. Mashujaa wanaojulikana nchi nzima, wakikaa kwenye mkeka wa mwanamke aliyefukuzwa, mbele ya wafalme wote, bila kusema neno, wamesema kila kitu. Wamesema huyu ni wetu. Mfalme aliyewapa mashamba ataona. Mfalme aliyemwajiri kaka wa mpiganaji ataona. Na wakitaka kueleza kwamba wanalipa deni tu, wamefungwa mdomo.

Meza ile ilibishana usiku mzima. Dadu hazikuguswa. Mpiganaji akawa anauliza, "Naweza kukaa nusu kwenye mkeka, nusu nje?" Watu wazima, jamani, wanajadili matako ya mtu na mkeka! Kuhani aliyefufuliwa ndiye aliyekata shauri: akasema mimi nitakaa, hata peke yangu, maana pumzi hii ni yake. Wakakaa wote. Na vita iliyofuata kati ya falme zile, msimulizi hakuitunga yeye. Ilitoka kwenye mkeka.

Wasimulizi, mkitaka kujua cha kuomba, fungueni madaftari yenu ya mchezo. Acheni kitabu cha viumbe wa kutisha. Andikeni vitu ambavyo wachezaji wenyewe wamevijenga: jina zuri katika mji fulani, urafiki na fundi chuma, kiapo cha kutomwaga damu, chuki dhidi ya mwizi aliyewahi kuwaibia. Fadhila itakayoombwa iguse kimoja kati ya hivyo. Isikivunje, ikiguse. Bibi hakuwaambia wamtukane mfalme. Aliwaambia wakae.

Wachezaji nao, msinitazame hivyo, mna zamu yenu. Mkipewa fadhila muulize maswali. Ombeni mipaka. "Hatutaua asiye na hatia." "Hatutaenda kinyume na kiapo cha kuhani wetu." Kujadili deni ni mchezo mtamu kuliko kulilipa.

Na deni likiwekwa, liwekwe mbele ya shahidi. Tuko Tabora, siwezi kuondoka bila kumtaja mtemi Mirambo. Mwaka 1871 Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikuwa Kwihara hapo, na aliingia vitani upande wa Waarabu wa Unyanyembe dhidi ya Mirambo. Ikawaendea vibaya. Mirambo aliwavizia, akawavunja, kisha akaichoma sehemu ya Tabora hii. Miaka mitano baadaye, Aprili 1876, watu hao wawili wanakutana, na wanachanjiana damu. Maadui wa jana ni ndugu. Kwa nini? Mmoja alihitaji njia salama, mwingine alihitaji jina jema kwa Wazungu na Unguja. Nipe nikupe.

Lakini kwa msimulizi, mtu wa kumtazama pale ni wa tatu. Manwa Sera, nyapara wa msafara wa Stanley, ndiye aliyewachanja miguuni na kuwatamkia laana: atakayeuvunja undugu huu, simba amle, nyoka amuume, bunduki impasukie mkononi. Kwa nini huyo ni muhimu? Kwa sababu deni la watu wawili linakufa mmoja akifa. Deni la watu watatu haliendi popote. Mtoaji anaweza kuuawa, na shahidi akaja kuwadai mashujaa kwa niaba ya mtoto wake. Wawili wakibishana waliahidiana nini, shahidi ndiye anayejua. Na shahidi mwenyewe ana mambo yake, anaweza kukumbuka vibaya, au kukumbuka vizuri kupita kiasi. Muwekeeni jina. Muwekeeni uso. Mtamtumia.

Uchawi wa kumfunga mtu amri? Nimeulizwa hata kabla sijapanda hapa. Tupeni mbali. Unadumu siku 30. Anayekaidi anaumia mara moja kwa siku, dadu tano za pande 10, wastani wake ni pointi 27 na nusu. Mpiganaji wa levo ya 17 ana uhai wa zaidi ya pointi 150: ataguna, atalala, kesho atakaidi tena. Kuhani wake akiamka, ataufuta kabla ya chai. Na hata usingefutika, mtu aliyelazimishwa hana deni. Ana kisasi.

Niseme pia juu ya muda wa kulipa. Kule Buha zamani kulikuwa na bugabire. Mwenye ng'ombe anampa mwingine ng'ombe. Hajamuuzia. Hajamkopesha hadi tarehe fulani. Aliyepewa anatunza, anakunywa maziwa, na tangu siku ile amekuwa mtu wa mtoaji: anasaidia kazi zake, anampelekea pombe, anasimama upande wake. Mtoaji naye anapaswa kumlinda. Hesabu haifungwi. Sisemi ulikuwa utaratibu wa haki, maana aliyepokea kwa kawaida alikuwa mnyonge, na mnyonge hachagui. Lakini kama kifaa cha kutungia hadithi, tazameni: deni ambalo kulilipa lote kwa mara moja ni tusi, ni sawa na kumwambia mtu "sikutaki tena." Wachezaji wetu wana haraka ya kulipa. Wanataka wafute mstari kwenye daftari. Wapeni mtoaji ambaye wakimletea malipo kamili analia.

Au wapeni mtani. Watani zangu mnacheka, mnajua ninakokwenda. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea njia ya Pwani miaka na miaka, na utani wetu na watu wa huko umetoka njiani humo. Mtani anakuja msibani kwako, analitania jeneza, anazuia shughuli mpaka umpe kitu, na huwezi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye aibu. Sasa fikirieni joka la kale lenye utani na ukoo wa mpiganaji wenu. Linaingia sebuleni. Linamwita mpiganaji "mfupi wewe." Linachukua upanga wa ajabu ukutani na kusema, "Ukitaka huu, njoo nyumbani kwangu unikune mgongo." Atafanya nini? Ameua pepo, ameua majitu, na mila inamkataza kuinua mkono. Ataenda kukuna. Na akiwa anakuna, joka litamwambia habari ambayo hakuna mfalme angemwambia.

Mwisho, au karibu na mwisho: mtoaji anayedanganya. Pwani wana shujaa ambaye kwa hesabu zetu ni levo ya 20 kabisa, Fumo Liyongo. Silaha haimwingii, ila sindano ya shaba kitovuni. Mfalme alishindwa kwa nguvu, akamwendea mtoto wa Liyongo: niletee siri ya baba yako, nikuoze binti yangu, nikupe cheo. Kijana akaipata siri, akamchoma baba yake usingizini. Liyongo akaenda akafa kisimani amepiga goti na upinde mkononi, watu wakaogopa hata kuteka maji. Na kijana aliporudi kudai, hakuipata ahadi.

Wasimulizi mnakipenda kisa hicho kwa sababu ya usaliti. Nawaomba: usaliti wa namna hiyo mara moja tu katika hadithi nzima. Mara moja! Ukirudia, wachezaji hawatapokea tena fadhila ya mtu, na utarudi kwenye mfuko wako wa sarafu. Watoaji wengine wote wawe watu wa neno lao, hata wale wabaya. Hasa wale wabaya.

Kulikuwa na swali moja kutoka ukumbini, nalo naliweka hapa. Dada mmoja, msimulizi, alisema: "Wachezaji wangu hawapokei kitu. Wakipewa maji ya kunywa wanauliza bei. Nifanyeje?"

Dada yangu, hao wameshapokea, hawajui tu. Tangu mchawi wao ajifunze kuhama, wamekuwa wakitoweka na kuacha vitu nyuma. Farasi waliofungwa nje ya pango, nani aliwafungua? Mpagazi waliyemwacha njiani, nani alimzika? Mama wa mpiganaji, paa lake nani anaezeka? Fungua daftari lako urudi nyuma, utakuta mambo mengi waliyoyaacha wazi. Chagua moja, na umlete jirani mmoja, mtu wa kawaida, levo sifuri. Asidai. Aseme tu, "Paa la mama yenu nimeliezeka kila masika, nyie hampo. Sina neno. Ila ng'ombe wangu amepotea porini tangu juzi." Halafu nyamaza. Utaona mashujaa wa levo ya 18 wanavyogombania kwenda kumtafuta ng'ombe.

Na usije ukamfanya huyo ng'ombe kuwa pepo aliyejigeuza. Awe ng'ombe.